Nani Amemwonyesha Mtoto Mungu?

Msimu wa korosho ukifika, nyumba nyingi za Lisekese huhamia uwanjani. Mikeka hutandikwa jua lingali changa, korosho humwagwa na kuanikwa, na watu wa rika zote huzizunguka wakichambua, zilizojaa huku, zilizosinyaa kule. Katika uwanja mmoja wa namna hiyo, kandoni mwa mji wa Masasi, nilimwona mtoto ambaye arobaini yake ilikuwa imetoka juzijuzi, amelazwa kwenye kivuli cha mwembe, kafunikwa kanga hadi kifuani. Ghafla akacheka. Hakuwa ameamka, macho yalikuwa yamefumba na ngumi zake ndogo zimekazwa. Kicheko kikapita usoni pake, kikatoweka, kikarudi. Bibi yake hakuinua hata uso kutoka kwenye korosho. “Anacheza na malaika wake,” akasema, na hakuna aliyemuuliza amejuaje.

Usemi huo unajulikana mbali sana na Masasi, na hauishii kwenye kicheko. Mtoto akifariki kabla ya kutambua baya na jema, waliofiwa hufarijiwa kwamba yule ni malaika. Kwa hiyo katika kauli zetu mtoto mchanga anakaa mpakani: ametoka huko majuzi, na akirudi mapema atapokewa na wale aliokuwa akicheza nao. Wataalamu wa watoto wana maelezo yao pia. Wanasema kicheko cha usingizini huanza tangu siku za mwanzo kabisa, katika ule usingizi ambao mboni hutembea chini ya kope, na hakimlengi mtu yeyote. Kicheko cha kumjibu mtu huja baadaye, kuelekea mwezi wa pili, mtoto anapoanza kuushika uso ulio mbele yake. Sioni haja ya kuamua kati ya bibi na wataalamu hao, maana kila upande umejibu swali lake. Wao wameeleza kicheko kinatoka wapi mwilini. Bibi ameeleza mtoto anatoka wapi. Na hilo la bibi ndilo lililonikaa rohoni: mgeni huyu amekuja na Mungu wake, au atamkuta hapa kwetu?

Masasi inalistahili swali hilo kuliko miji mingi. Majabali yake yanainuka ghafla kutoka ardhi tambarare, na chini yake watu wa dini mbili wameishi pamoja kwa vizazi. Alfajiri adhana hutangulia, kengele hufuata. Katika ukoo mmoja utamkuta babu mwenye jina la Mtume na mjomba mwenye jina la mwinjili, na wote huzikana, huozana, hula sahani moja. Kila upande una namna yake ya kumpokea mtoto. Waislamu humsomea adhana katika sikio la kulia na ikama katika la kushoto, na siku ya saba ni siku ya kunyolewa nywele na kuchinjiwa akika. Waanglikana na Wakatoliki humpeleka kwenye maji ya ubatizo na kumtia alama ya msalaba kwenye paji la uso. Na nyuma ya yote hayo wapo wazee wa Kiyao wa zamani, waliomimina unga mweupe chini ya mti wa msolo na kuwaomba waliotangulia wawatazame waliobaki. Adhana, maji na alama ya msalaba hupewa mtu asiyeweza kuitikia wala kukataa. Tungedhani hiyo ni kazi bure. Lakini watu hawasemi na asiyesikia. Anayeinama juu ya sikio la mtoto wa siku moja na kumtajia ukuu wa Mungu amekwisha amini, kabla ya kufungua kinywa, kwamba ndani mna anayepokea.

Waislamu wamelifafanua jambo hilo kwa uzito mkubwa. Hadithi mashuhuri iliyomo katika vitabu vya Bukhari na Muslim inafundisha kwamba kila mtoto huzaliwa katika fitra, yaani maumbile yake ya asili, na wazazi ndio wamgeuzao kuelekea dini hii au ile. Kurani, katika sura ya Al-Aaraf, inasogea nyuma zaidi: inasimulia kwamba vizazi vyote vya wanadamu viliulizwa juu ya Mola wao kabla ya kuingia duniani, vikashuhudia kwamba ndiye. Kwa anayeyaamini haya, adhana ya sikioni haimletei mtoto habari mpya, inamkumbusha ahadi aliyokwisha itoa. Wakristo wamepita njia yenye miiba zaidi. Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika ya Kaskazini, aliwatazama watoto wachanga akaona kijicho hata kati ya wanyonyao ziwa moja, akafundisha kwamba dhambi imewatangulia. Lakini ni Augustino huyohuyo aliyesema kwamba moyo wa mwanadamu hautulii mpaka umrudie aliyeuumba. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, John Calvin alidai kwamba hisi ya uungu imepandwa katika kila mtu na haing'oki. Majirani hawa wanaotofautiana katika mambo mazito mengi, hapa wanakaribiana: mtoto hafiki duniani akiwa mgeni kwa Mungu.

Waafrika waliolisema jambo hilo kwa ufupi kuliko wote huenda ni Waakani wa Ghana. Methali yao inafundisha kwamba hakuna amwonyeshaye mtoto Mungu. Mtoto amelala chali, uso umeelekea juu, na aliye juu anaonekana bila mwalimu. John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya na kasisi wa Kianglikana, alilitegemeza wazo la namna hiyo katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika: kwamba Mwafrika wa jadi hakuhitaji kuhubiriwa kuwapo kwa Mungu, kwa kuwa alizaliwa ndani ya jamii iliyokwisha kuamini, na kuamini kulikuwa sehemu ya kuishi. Okot p'Bitek wa Uganda alikataa kwa sauti kuu. Aliwashutumu wasomi, wageni na Waafrika pia, kwa kuivisha miungu ya Afrika majoho ya Kigiriki na ya Kikristo, kisha kushangilia kwamba imefanana na ile ya wageni. Ninawaheshimu wote wawili, na naona kila mmoja ameshika upande wa ukweli. Okot anatuonya tusimtie mtoto kinywani sala ambayo hajaisema. Mbiti anatukumbusha kwamba kati ya mtoto na Mungu wake, tangu pumzi ya kwanza, wamesimama watu. Methali ya Waakani inasema hakuna aonyeshaye. Lakini mtoto amelala chali juu ya mapaja ya mtu, na mtu huyo asipokuwapo, hata mbingu haitatazamwa kwa muda mrefu.

Historia ya Masasi yenyewe imepita katika swali hili kwa uchungu. Katika karne ya 19, watoto wengi wa nchi za Nyasa na bonde la Ruvuma walitekwa, wakatembezwa hadi Kilwa, wakapakiwa majahazini. Baadhi ya majahazi yalikamatwa baharini na meli za Waingereza, na watoto waliookolewa wakakabidhiwa kwa misheni ya Kianglikana ya UMCA huko Unguja, wavulana wakalelewa Kiungani na wasichana Mbweni. Mwishoni mwa 1876 Askofu Edward Steere aliwaongoza watu waliowekwa huru kuelekea bara, kwa nia ya kuwarudisha karibu na ziwa Nyasa. Walipofika Masasi waliiona nchi inafanana na kwao, wakaomba kubaki, na hapo ndipo ulipoanzia mji wa Kikristo chini ya majabali haya. Sasa fikiria ndugu wawili wa tumbo moja waliotekwa siku moja. Mmoja jahazi lake limekamatwa, amekua akiimba zaburi Kiungani. Mwingine jahazi lake limepita salama, ameuzwa shamba la karafuu Pemba, amekua akielekea Makka. Fitra yao ilikuwa moja, maziwa waliyonyonya yalikuwa ya mama mmoja, na unga wa msolo uliomwagwa ulikuwa wa babu mmoja. Asemaye kwamba mtoto huja duniani na dini yake tayari, awaeleze ndugu hawa walivyoachana. Na asemaye kwamba mtoto huja mtupu kabisa, aeleze jambo gumu zaidi: imewezekanaje watoto walionyang'anywa kila kitu, hata majina yao, wabaki na uwezo wa kuinama mbele ya Mungu na kumwita, wote wawili, kila mmoja kwa ulimi wa waliomlea?

Siku hizi swali hili limeingia pia katika maabara. Mwaka 1999 mwanasaikolojia Deborah Kelemen wa Marekani alichapisha utafiti juu ya namna watoto wanavyoeleza vitu vya asili. Alipowauliza kwa nini mawe yamechongoka, watoto wengi waliridhika na majibu ya makusudi: yamechongoka ili wanyama wajikune. Mwaka 2012 mwenzake Justin Barrett alikusanya tafiti nyingi katika kitabu kinachotetea kwamba akili ya mtoto huelekea imani kwa wepesi, kwa kuwa kila mahali inatafuta nia na mtendaji. Sihitaji safari ya Marekani kuyasadiki. Mtoto wa Lisekese anayeanza kusema akiliona jabali la Mtandi hataki kusikia habari za moto wa chini ya ardhi na mvua za miaka isiyohesabika. Anauliza: nani aliliweka? Swali la “nani” linamtoka kabla ya swali la “vipi.” Lakini tusikimbilie kushangilia. John Locke, mwishoni mwa karne ya 17, aliwakanya wenye pupa kwamba wazo la Mungu haliwezi kuwa limechapwa akilini tangu kuzaliwa, maana lingeonekana kwa watoto wote na mataifa yote. Na hata kama mwelekeo huo ni wa kuzaliwa nao, kuzaliwa na jambo si ushahidi kwamba jambo hilo ni kweli. Mtoto huogopa giza, na mara nyingi gizani hamna kitu. Mtoto hulilia ziwa, na ziwa lipo. Je, kumtafuta Mungu ni kama kuogopa giza, au ni kama kulilia ziwa? Hakuna maabara itakayotuamulia hilo. Ninaamini ni la pili, na ninaamini kwa sababu nimeona watu wazima wakishiba.

Wapo waliotaka kukata shauri kwa kumtenga mtoto na binadamu wote. Katika karne ya 16 Akbar, mfalme wa Kiislamu wa India, aliwafungia watoto wachanga katika nyumba ambamo walezi walikatazwa kusema, aone maumbile yatasema nini yenyewe. Baada ya miaka walikutwa hawana lugha yoyote. Maumbile yalinyamaza, kwa kuwa hakuna aliyeyaita. Karne nne kabla yake, katika Andalusia, mwanafalsafa Ibn Tufayl alikwisha kuufikiria mkasa kama huo kwa upole zaidi. Katika hadithi yake ya Hayy ibn Yaqzan, mtoto anakua peke yake kisiwani, bila mzazi wala kitabu, na kwa kutazama na kufikiri anapanda ngazi kwa ngazi hadi kumjua Muumba. Wengi hukumbuka ushindi huo wa akili na kusahau ulikoanzia. Hayy alinyonyeshwa na paa. Paa yule alipokufa, kijana alimlilia, akamtafuta ndani ya mwili wake, akataka kujua ni kitu gani kilichokuwa kikimpenda na sasa kimeondoka. Safari yote ya kumtafuta Mungu ilianza pale, kwenye kifua kilichopoa. Ibn Tufayl, aliyetaka kumthibitishia msomaji kwamba akili inatosha, hakuthubutu kumwacha mtoto wake bila mama.

Naona hapo ndipo penye kiini. Mwaka 1980 watafiti Anthony DeCasper na William Fifer walionyesha kwamba watoto wa siku tatu hivi hubadili namna ya kunyonya ili wasikie sauti ya mama yao kuliko ya mwanamke mwingine. Wengine wameonyesha kwamba mtoto aliyezaliwa punde huufuata kwa macho mchoro wenye umbo la uso kuliko mchoro uliovurugwa. Hakuna aliyemfundisha. Anakuja akiwa amekwisha geuka upande wa mtu, sikio limeshakaa tayari. Hamjui mama kwa jina, hana wazo lolote la umama, lakini anangoja kuitwa na anajua tofauti ya kuitwa na kupigiwa kelele. Ikiwa kuna jambo ninaloweza kulisema kwa moyo wote juu ya imani ya mtoto mchanga, ni hili: amezaliwa na sikio la imani kabla ya maneno yake. Amekuja akitarajia kwamba yupo mtu, kwamba kilio kitafika mahali, kwamba juu yake kuna uso. Matarajio hayo ni mapana kuliko mama yeyote. Hakuna mzazi aliyewahi kuyajaza yote, na katika ile nafasi inayobaki, ambayo mama hata awe mwema vipi haifikii, ndipo watu wa kila kabila wamelikuta jina la Mungu likiwa na mahali pa kukaa.

Wamakonde wana kisa cha asili yao ambacho Karl Weule, Mjerumani aliyefika Newala mwaka 1906, alikiandika. Zamani porini Mahuta, juu ya uwanda, aliishi mtu peke yake, hajanawa, hajanyoa, hali wala hanywi ila kidogo. Akachonga sanamu ya mtu kwa mti, akaisimamisha penye makao yake, na usiku sanamu ikapata uhai ikawa mwanamke. Wakashuka pamoja mto Ruvuma kuoga, na huko mwanamke akajifungua mtoto mfu. Wakahamia bonde la Mbwemkuru, na mtoto wa pili naye akazaliwa mfu. Wakarudi porini juu, Mahuta, na wa tatu akaishi, ndiye aliyewazaa wengine. Nimekitafakari kisa hicho mara nyingi kwa sababu ya jinsi kilivyopangwa. Muujiza wa mti kuwa mtu unapita kwa usiku mmoja, bila jasho. Kilichokuwa kigumu, kilichowagharimu safari na makaburi mawili, ni kumpatia mtoto mahali ambapo ataweza kuishi. Waliokipokeza kisa hiki walikaa kwenye uwanda usio na mito, wanawake wakiteremka genge na kupanda tena na maji kichwani, na bado walifundishana kwamba mabondeni kuna kifo na juu kuna uhai. Walijua kwamba uhai ukishatolewa bure bado unadai makao. Na imani nayo ni hivyo: huenda imewekwa ndani ya mtoto kwa usiku mmoja na mkono usioonekana, lakini pa kuishi imani hiyo panatafutwa na wazazi kwa miguu yao.

Ndiyo maana nchi hii haikuwahi kuamini kwamba kuzaliwa kunatosha. Jando na unyago vilikuwapo kabla ya misheni na kabla ya madrasa, na vilishikwa kwa nguvu kiasi kwamba Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926, hakujaribu kuvifuta. Alivipa sala za Kanisa na kuacha wakufunzi wawafunde vijana chini ya baraka zake. Aliona sawasawa. Mtoto aliyekuja na sikio anahitaji sauti, na sauti hiyo haiwezi kuwa ya padri au shehe peke yake. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na pia kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hizi huchukuliwa kuwa za adabu tu, za kusalimia wakubwa na kutoiba maembe. Mimi nazisikia zikisema juu ya Mungu. Kabla mtoto hajaambiwa kwamba Mungu ni mwingi wa rehema, amekwisha kutana na rehema au na ukatili katika mikono iliyomwogesha. Kabla hajafundishwa kwamba Mungu husikia dua, amekwisha jifunza usiku, kwa kilio chake mwenyewe, kama duniani kuna anayesikia.

Kuna wanawake wa Masasi na Newala, kama walivyo wa kila mahali, ambao kwao swali hili halina anasa ya falsafa. Ni wale waliozika. Kwa karne nyingi Wakristo wa Magharibi waliambiwa kwamba mtoto asiyebatizwa atabaki pembezoni, bila mateso lakini bila kumwona Mungu. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia ya Kanisa Katoliki ilichapisha waraka unaosema ipo sababu ya kutumaini kwamba watoto hao wanaokolewa. Waislamu wengi hawakuwa na shaka tangu mwanzo, kwa kuwa afaye katika fitra amekufa hajageuzwa na mtu. Na bibi anayechambua korosho hakungoja waraka. Alikwisha sema kwamba mtoto ana malaika wake. Ninasimama naye. Mtoto aliyeishi siku tatu amefanya kila ambacho imani inadai kwa mwanzo: amelia akitumaini, amegeukia sauti, amelala mikononi mwa mwingine bila kinga yoyote. Sijui mtu mzima aliyemwamini Mungu kwa ukamilifu kuliko huo.

Basi tunapogombania mtoto ataandikwa msikitini au kanisani, tukumbuke tumechelewa. Somo la kwanza limekwisha tolewa. Anayemwacha mtoto alie na njaa hali chakula kipo, anayemtisha kila jioni, anayemwahidi na kumvunjia kila siku, anaharibu ndani yake mahali ambapo jina la Mungu lingekaa, na dua atakayomfundisha akiwa na miaka saba itamwomba aamini asichowahi kukionja. Na anayemwitikia, anayeamka usiku wa manane kwa mara nyingine tena, ambaye uso wake haumkimbii mtoto, amemwonyesha Mungu hata kama hajui kusoma aya moja. Amana hiyo tumepewa sote, wenye adhana, wenye kengele na wenye unga wa msolo, na juu yake tutaulizwa kabla ya kuulizwa mtoto aliswali wapi.